Kampaundi za Mimea na Mwitiko wa Seli kwa Mnururisho: Nani Hukingwa, Lini na kwa Kiasi Gani?

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi kampaundi zinazopatikana katika mimea zinavyoathiri mwitiko wa seli inapopigwa na mnururisho. Kwanza yanaeleza jeraha ambalo mnururisho huacha ndani ya seli. Kisha yanabainisha njia tatu ambazo kampaundi za mimea hutumia kuingilia jeraha hilo, na hatimaye yanatathmini matokeo ya majaribio yaliyofanywa kwa wanyama na kwa wagonjwa. Hoja kuu ni kwamba hakuna kampaundi iliyo kinga kwa hulka yake. Kampaundi ile ile yaweza kuihifadhi seli moja na kuiangamiza nyingine, kutegemea dozi, wakati, mahali na aina ya seli. Kwa kuwa wasomaji wa jarida hili ni wanalugha, makala yanapendekeza kuwa kila sentensi ya Kiswahili inayodai kwamba mmea fulani "hukinga" ipimwe kwa vipashio vyake: kiima, shamirisho na chagizo.

1.0 Utangulizi

Mgonjwa wa saratani anayetibiwa kwa mionzi hapewi ushauri na daktari pekee. Jamaa humletea manjano yaliyokorogwa katika maziwa, jirani humsifia shubiri, naye muuzaji wa vidonge humhakikishia kwamba vyake "vinakinga mwili dhidi ya mionzi kwa sababu ni vya asili". Katika Afrika Mashariki sehemu kubwa ya ushauri wa aina hii hutolewa kwa Kiswahili. Daktari naye, aliyesomea taaluma yake kwa Kiingereza, mara nyingi hukosa maneno ya kuujibu kwa lugha hiyo hiyo. Pengo hilo ndilo linalomhusu mwanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja, kwani yeye ndiye mtafsiri, mtangazaji na mwalimu wa kesho.

Yapo maoni kwamba masuala ya fizikia na biolojia hayamhusu mwanaisimu. Maoni haya hayana mashiko. Tangu Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilipochapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka wa 1990, imekuwa bayana kwamba lugha yetu inao uwezo wa kubeba dhana za sayansi. Swali lililosalia si kama Kiswahili kinaweza, bali kama sisi tunaokitumia tunazielewa dhana zenyewe vya kutosha hata tuziseme bila kuzipotosha. Makala haya ni jaribio dogo la kulijibu swali hilo kwa kutumia mada moja.

2.0 Mnururisho na Seli

2.1 Jeraha

Wilhelm Röntgen aligundua eksirei nchini Ujerumani mwaka wa 1895, naye Henri Becquerel akatambua unururifu wa urani nchini Ufaransa mwaka wa 1896. Si kila mnururisho unaotuhusu hapa. Mwanga wa taa na mawimbi ya redio ni mnururisho pia, lakini nishati yake haitoshi kuzing'oa elektroni kutoka katika atomu za mwili. Tunaozungumzia ni ule wenye kuionisha, yaani wenye nguvu za kung'oa elektroni hizo na kuziacha atomu zikiwa ioni. Eksirei na miale ya gama ni mifano yake.

Mnururisho huu ukipita ndani ya seli huweza kuidhuru DNA, ambayo ndiyo hifadhi ya maagizo yote ya seli, kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya moja kwa moja: mwonzi huigonga DNA yenyewe na kuikata. Njia ya pili ni ya kuzunguka. Kwa kuwa sehemu kubwa ya seli ni maji, mionzi huzipasua molekuli za maji na kuzaa radikali huru, yaani vipande vya molekuli vyenye elektroni isiyo na mwenzake. Radikali hatari kuliko zote ni ile ya haidroksili. Huishi kwa muda unaokadiriwa kuwa sehemu ya bilioni moja ya sekunde, lakini katika muda huo mfupi huishambulia molekuli yoyote iliyo karibu nayo. Kwa upande wa eksirei, takriban thuluthi mbili za madhara ya DNA hutokana na njia hii ya pili.

Dozi ya mnururisho hupimwa kwa kipimo kiitwacho gray, kwa heshima ya mwanafizikia Mwingereza Louis Harold Gray. Gray 1 ni sawa na jouli 1 ya nishati iliyofyonzwa na kilo 1 ya mwili. Nishati hiyo haitoshi kupasha hata kijiko cha chai joto, lakini ndani ya kila seli huacha takriban mikato 1,000 kwenye uzi mmoja wa DNA, na mikato kati ya 20 na 40 inayozipita nyuzi zote mbili. Mikato ya kundi la pili ndiyo inayoua, kwa kuwa seli hubaki bila uzi mzima wa kunakili inapotaka kujikarabati.

2.2 Mwitiko

Seli haikai kitako kungojea kufa. Mara DNA inapokatika, protini za ulinzi huutambua mkato na kupiga mbiu ya hatari. Protini iitwayo p53 husimamisha mgawanyiko wa seli ili ukarabati ufanyike kwanza, kisha vimeng'enya huanza kuunga ncha zilizokatika. Umuhimu wa kazi hii ulitambuliwa mwaka wa 2015, wakati Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar walipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kufafanua mbinu ambazo seli hutumia kuikarabati DNA.

Mwisho wa mwitiko huu huwa mmojawapo wa mambo matatu. Seli hukarabatika vizuri na kuendelea kuishi. Au jeraha huishinda nguvu na seli hujiua kwa utaratibu maalumu, au hufa inapojaribu kugawanyika. Au hukarabatika vibaya, ikaishi ikiwa na makosa katika maagizo yake, na makosa hayo huweza kuzaa saratani miaka mingi baadaye. Kampaundi yoyote ya mmea inayosemekana kuathiri mnururisho haina budi kuwa inaathiri hatua mojawapo ya hizi: kuzaliwa kwa radikali, kukatika kwa DNA, ukarabati, au uamuzi wa seli kuishi na kufa.

Tibaredio hujengwa juu ya mwitiko huu huu. "Dawa ya moto ni moto," walisema wahenga. Mgonjwa hupewa, kwa mfano, gray 2 kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa, hadi uvimbe wake upate jumla ya gray 60 au 70. Dozi kama hiyo ingeupata mwili mzima kwa mkupuo mmoja ingeua bila shaka, kwa kuwa hata gray 4 zinaweza kuwaua takriban nusu ya watu wasiopata matibabu. Linaloiwezesha tiba ni kuielekeza mionzi kwenye uvimbe, na kuigawa dozi ili seli nzima zinazouzunguka zipate nafasi ya kujikarabati kuliko seli za saratani. Tofauti hiyo baina ya seli nzima na seli gonjwa ndiyo uhai wa mgonjwa. Chochote kinachoipanua ni msaada kwake. Chochote kinachoifuta ni hasara, hata kama kimetoka shambani kwa babu yake.

3.0 Njia Tatu za Kampaundi za Mimea

3.1 Kuzinasa radikali huru

Mimea haiwezi kulikimbia jua. Kwa sababu hiyo imejaliwa wingi wa kampaundi, hasa za kundi la polifenoli, zinazoisaidia kustahimili mwanga mkali na radikali unazozizaa. Flavonoidi za majani, katekini za chai na kurkumini ya manjano zote ziko katika kundi hili. Kampaundi hizi huweza kuitolea radikali elektroni au atomu ya haidrojeni na hivyo kuituliza kabla haijaifikia DNA.

Ushahidi kwamba dhana ya kunasa radikali ina msingi ni wa zamani. Mwaka wa 1949, Harvey Patt na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba panya waliopewa sisteini, asidi amino yenye salfa, kabla ya kupigwa eksirei walinusurika zaidi kuliko wenzao. Sisteini iliyotolewa baada ya mionzi haikuwafaa. Jambo hili halishangazi tukikumbuka kwamba radikali ya haidroksili huishi sehemu ya bilioni ya sekunde: mnasaji anayefika baadaye hukuta windo limekwisha kufanya uharibifu na kutoweka. Tena haitoshi kufika mapema. Ili ishindane na molekuli nyingine zote zilizosheheni ndani ya seli, kampaundi inayonasa lazima iwe nyingi mno mahali pale pale DNA ilipo. Polifenoli tunazozila hufika damuni kwa kiasi kidogo sana, mara nyingi takriban sehemu ya elfu moja ya kiasi kinachohitajika, au hata chini ya hapo.

3.2 Kuiamsha seli ijilinde yenyewe

Ikiwa kunasa radikali moja kwa moja ni kugumu, kwa nini basi kampaundi za mimea huonekana kuwa na athari hata kwa kiasi kidogo? Jibu moja ni kwamba nyingi kati yake hutenda kama mjumbe, si kama askari. Seli ina protini iitwayo NRF2 ambayo kwa kawaida hushikiliwa na kuharibiwa na mlinzi wake, protini ya KEAP1. Salforafani, kampaundi itokanayo na brokoli na mboga za jamii ya kabichi, huunasa mlinzi huyo. NRF2 ikiachiliwa huingia katika kiini cha seli na kuziwasha jeni zinazotengeneza vimeng'enya vya kujilinda. Athari hii huchukua saa kadhaa kujengeka, lakini hudumu kuliko ile ya kunasa.

Hapa ndipo utata unapojitokeza. Baadhi ya uvimbe, hasa wa mapafu, una mabadiliko ya jeni yanayoiacha NRF2 ikiwa imewashwa wakati wote, na uvimbe wa aina hiyo hujulikana kwa ukaidi wake dhidi ya mionzi. Kwa hiyo silaha ile ile inayoikinga seli nzima ndiyo ambayo saratani nayo huitumia kujikinga. Kuiwasha ni jambo jema au baya? Swali hilo halijibiki mpaka tuulize ni katika seli gani.

3.3 Kuihisisha seli ya saratani

Njia ya tatu ni kinyume cha mbili za kwanza. Zipo kampaundi za mimea zinazoifanya seli iathirike zaidi na mnururisho. Mfano ulio wazi kuliko yote ni paklitakseli. Magome ya mti wa Taxus brevifolia yalikusanywa katika misitu ya magharibi mwa Marekani mwaka wa 1962. Monroe Wall, Mansukh Wani na wenzao wakachapisha muundo wa kampaundi hiyo mwaka wa 1971. Naye Susan Horwitz na wenzake wakaeleza utendaji wake mwaka wa 1979. Paklitakseli huvigandisha vijirija ambavyo seli huvitumia kuvuta kromosomu inapogawanyika. Seli hukwama katikati ya mgawanyiko, na hiyo ndiyo hatua ambayo seli huwa dhaifu kuliko zote mbele ya mionzi.

Kurkumini nayo imedhihirika katika maabara kuwa na uwezo wa kuhisisha. Huizuia protini ya NF-kB ambayo seli nyingi za saratani huitegemea ili zisife. Aidha, baadhi ya polifenoli zinazosifiwa kwa kutuliza radikali huweza kuzizaa zinapokuwa nyingi na zinapokutana na madini kama vile shaba na chuma. Kampaundi moja, basi, huweza kuwa zima moto kwa dozi ndogo na kiberiti kwa dozi kubwa.

4.0 Kutoka Maabarani hadi kwa Mgonjwa

Ni vyema sasa tutazame kilichotokea kampaundi hizi zilipotolewa nje ya bakuli la maabara.

Mfano wa kwanza ni wa wanyama. Nchini India, P. Uma Devi na wenzake walichunguza tulsi, mmea wa jamii moja na mrehani wetu wa pwani. Walitenga flavonoidi mbili kutoka katika majani yake, orientini na visenini, wakawadunga panya kabla ya kuwapiga mionzi ya gama. Panya hao walinusurika zaidi, na kromosomu za uboho wao zilivunjika kwa uchache. Matokeo haya ni ya kutia moyo, lakini yana masharti: flavonoidi zilitengwa, zilidungwa wala hazikuliwa, na zilitangulia mionzi. Kutoka hapo hadi kusema kwamba chai ya mrehani humkinga binadamu ni safari ndefu ambayo jaribio hilo halikuisafiri.

Mfano wa pili ni manjano. Mwaka wa 2013 lilichapishwa jaribio dogo la Marekani lililohusu wagonjwa 30 wa saratani ya matiti. Waliomeza gramu 6 za kurkumini kila siku wakati wa tibaredio waliungua ngozi kidogo kuliko waliomeza vidonge vitupu. Habari hizo zilienea upesi. Mwaka wa 2018 lilichapishwa jaribio kubwa zaidi lililosajili wagonjwa 686 kwa dozi ile ile, na safari hii kurkumini haikuonyesha tofauti ya maana na vidonge vitupu. Hakuna aliyedanganya katika jaribio la kwanza. Idadi ndogo ya watu huweza kutoa picha ambayo idadi kubwa huifuta. Isitoshe, kurkumini hufyonzwa kwa shida matumboni na kuvunjwavunjwa haraka na ini, kwa hiyo sehemu kubwa ya gramu hizo haikuifikia ngozi.

Mfano wa tatu ni shubiri. Mwaka wa 1935 madaktari wawili wa Marekani waliripoti kwamba jani bichi la shubiri lilimsaidia mgonjwa aliyekuwa na kidonda cha eksirei. Sifa zake zikavuma kwa miongo sita. Mwaka wa 1996 majaribio yaliyodhibitiwa yalichapishwa, na jeli ya shubiri haikuzuia kuungua kwa ngozi ya wanawake waliokuwa wakitibiwa kwa mionzi. Ripoti ya mgonjwa mmoja ni mwanzo wa swali, si jibu lake.

Mfano wa nne unaelekea upande mwingine. Mwaka wa 2022 yalichapishwa matokeo ya jaribio la China lililowashirikisha wagonjwa 180 wa saratani ya matiti. Badala ya kunyweshwa chai, wagonjwa walinyunyiziwa ngozini myeyuko wa EGCG, katekini iliyo nyingi katika chai ya kijani. Kuungua kwa ngozi kwa kiwango cha pili au zaidi kulipungua kutoka takriban asilimia 72 hadi takriban asilimia 50. Tunajifunza kwamba mahali ni muhimu: kampaundi ilipelekwa kwenye ngozi iliyohitaji kukingwa, bila kuupitia kwanza mwili wote. Msomaji wa Kericho au Limuru asifanye haraka kujipongeza. Majani ya chai yetu nyeusi huachwa yaingiwe na oksijeni kiwandani, na sehemu kubwa ya katekini zake hugeuka kuwa kampaundi nyingine.

Mfano wa tano ndio unaopaswa kutukosesha usingizi. Katika jimbo la Quebec nchini Kanada, wagonjwa 540 wa saratani ya kichwa na shingo waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa vidonge vya vitamini E wakati wa tibaredio na kwa miaka mitatu baadaye. Baadhi yao mwanzoni walipewa pia beta-karotini, ile kampaundi inayozipa karoti rangi yake. Kundi la pili lilipewa vidonge vitupu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2005 yalionyesha kwamba madhara makali ya tiba yalielekea kupungua kwa waliopewa vitamini, hususan waliopewa zote mbili. Mtu angeishia hapo angeshangilia. Lakini uvimbe ulielekea kurudi zaidi kwa wale wale, na ripoti ya mwaka wa 2006 ikaonyesha kwamba waliokufa katika kundi la vitamini walikuwa wengi kuliko wa kundi la pili. Maelezo yanayoelekea kuwa ya kweli ni rahisi na ya kuhuzunisha: kinga iliyotolewa haikubagua. Iliufunika mdomo uliokuwa ukiungua, na ikaufunika uvimbe pia.

Hatimaye tuitaje paklitakseli, ambayo dhamira yake haikuwa kukinga. Katika jaribio la Uholanzi lililochapishwa mwaka wa 2012, wagonjwa 366, wengi wao wakiwa na saratani ya umio, waligawanywa. Wengine walipasuliwa tu. Wengine walipewa kwanza paklitakseli, karboplatini na gray 41.4 za mionzi, kisha wakapasuliwa. Wastani wa kati wa maisha yao ulikuwa miezi 24 kwa kundi la kwanza na miezi 49.4 kwa kundi la pili. Sifa haiwezi kupewa paklitakseli peke yake, kwa kuwa iliandamana na dawa nyingine na mionzi yenyewe. Hata hivyo, kwetu Kenya, ambako saratani ya umio ni miongoni mwa zinazoongoza kwa kuua, mfano huu una uzito wa pekee. Ni kampaundi ya mti, iliyopimwa, iliyotolewa kwa dozi inayojulikana na kwa wakati uliopangwa na daktari.

5.0 Suala la Lugha

Tuirejelee sasa sentensi ya muuzaji wa vidonge: "Mmea huu hukinga mwili dhidi ya mionzi." Kisarufi haina kosa. Kisayansi ni tupu.

Tatizo la kwanza liko katika kitenzi chenyewe. Katika Kiswahili twasema mwamvuli hukinga mvua, na pia twasema mwamvuli humkinga mtoto. Shamirisho ya kitenzi hiki yaweza kuwa kinachozuiwa, na yaweza kuwa anayehifadhiwa. Tukifuata muundo wa kipimajoto na kipazasauti, yaani kiambishi ki-, kitenzi na nomino, twaweza kuunda istilahi kikingamnururisho. Istilahi hiyo ni halali na yafaa kutumiwa. Lakini tuone inachokisema na inachokinyamazia: hutaja kinachozuiwa, bila kutaja anayehifadhiwa. Katika jaribio la Quebec, aliyehifadhiwa ndiye aliyekuwa swali lenyewe.

Tatizo la pili ni la wakati. Kampaundi inayotangulia mionzi na kunasa radikali haifanyi kazi sawa na ile inayotolewa baadaye ili kutuliza uvimbe wa ngozi au kuharakisha kupona. Ya kwanza tuiite kikinga; ya pili tuiite kipunguza madhara. Ile inayoifanya seli ya saratani iathirike zaidi yafaa iitwe kihisisha, kutokana na kauli ya kusababisha ya kitenzi hisi. Tukizichanganya tatu hizi chini ya neno moja "dawa", tutakuwa tumevunja daraja ambalo mgonjwa alitarajia kulivukia.

Tatizo la tatu ni la tafsiri zinazopendeza masikioni. Antioksidanti mara nyingi huelezwa kwa umma kuwa "viondoa sumu". Kirai hiki kinavutia, lakini kinamhukumu mshtakiwa kabla ya kesi. Kwa mtu anayetibiwa kwa mionzi, radikali huru zinazozaliwa ndani ya uvimbe si sumu ya kuondolewa bali ndizo chombo cha tiba. Anayezizima bila kujua anamnyang'anya mhunzi moto wake.

Kwa mintarafu hii, twapendekeza kipimo rahisi ambacho kila mwanafunzi wa Kiswahili anakijua tangu darasa la uchanganuzi wa sentensi. Dai lolote la kinga lisikubaliwe hadi vipashio vyake vyote vijazwe. Kiima: ni mmea mzima, ni chai yake, au ni kampaundi iliyotengwa? Shamirisho: ni seli gani inayohifadhiwa, nzima au ya saratani? Chagizo cha wakati: kabla, wakati au baada ya mionzi? Chagizo cha kiasi: miligramu ngapi? Chagizo cha mahali: ni katika bakuli la maabara, katika panya, au katika mwili wa binadamu?

Tukikitumia kipimo hiki, "Manjano hukinga mwili dhidi ya mionzi" inageuka kuwa: "Gramu 6 za kurkumini zilizomezwa kila siku wakati wa tibaredio hazikuonyesha tofauti ya maana katika kuungua kwa ngozi, katika jaribio lililosajili wagonjwa 686 wa saratani ya matiti." Sentensi ya pili ni ndefu, haiimbiki, na haiuzi kidonge. Lakini ni ya kweli, na imesemwa kwa Kiswahili bila kutatizika.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kampaundi za mimea huathiri kweli mwitiko wa seli kwa mnururisho: kwa kunasa radikali, kwa kuamsha ulinzi wa ndani, au kwa kuihisisha seli ili ife. Yameonyesha pia kwamba athari hizo hazina upande wa kudumu. Asili ya kampaundi, iwe msitu, bustani au kiwanda, haitupi hakikisho lolote. Dozi, wakati, mahali na aina ya seli ndivyo huamua.

Haikusudiwi hapa kwamba mgonjwa aogope kiungo katika mchuzi wake. Manjano ya chakula cha kila siku ni kiasi kidogo, na hakuna jaribio kati ya tuliyoyataja lililokishtaki chakula cha kawaida. Linalotakiwa ni kwamba vidonge, unga na dondoo zenye dozi kubwa zisimezwe wakati wa tibaredio kabla ya daktari anayeisimamia kuarifiwa, na kwamba daktari huyo apate wa kumsaidia kulieleza jambo hilo kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa.

Kazi hiyo ya mwisho ni yetu. Wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vyetu washirikiane na wenzao wa tiba, biolojia na fizikia kuandaa vijikaratasi vya maelezo kwa wagonjwa, ambavyo kila sentensi yake ina kiima, shamirisho na chagizo zinazothibitika. Istilahi zilizopendekezwa humu zijadiliwe, zikosolewe na zirekebishwe. Ila zisiwekwe kabatini, kwa kuwa yule anayezihitaji yumo katika foleni ya matibabu leo.